Halmashauri ikiongoza kwa makusanyo, mwananchi anapata nini? Tujadili vipimo vya serikali za mitaa

#1 Mchumi wa Kata (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila robo ya mwaka wa fedha ikifungwa, TAMISEMI, ofisi ya Rais inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, hupanga halmashauri kwa ukusanyaji wa mapato ya ndani: zilizoongoza juu, zilizoburuza mkia chini. Orodha hizi zilipata umaarufu Waziri alipokuwa Selemani Jafo, na mpaka leo mkurugenzi aliyeshika mkia hukaa roho juu. Halafu mwishoni mwa Machi CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, anamkabidhi Rais ripoti yake, ikifika bungeni Aprili kila mtu anatafuta jambo moja tu: halmashauri yetu imepata hati gani?

Nimefanya kazi za mipango kwa muda mrefu, na hoja yangu ni hii. Asilimia ya makusanyo na hati ya ukaguzi ni vipimo halali, ila tumevibebesha mzigo usio wao. Havisemi kama huduma imemfikia mtu wa kitongojini. Na kuhusu uwezo wa halmashauri, yaani kama ina watu, fedha na mamlaka ya kufanya hayo tunayoidai, vinakaa kimya kabisa.

Tuanze na asilimia. Makisio ya mapato anayaanzisha nani? Halmashauri yenyewe, kwenye bajeti yake. Chukueni mfano wa kubuni. Halmashauri ya kwanza ina vyanzo ambavyo vikithaminiwa kwa ukweli vinaweza kutoa bilioni 4. Ikakisia bilioni 2, ikakusanya bilioni 2.2. Hiyo ni asilimia 110, inapigiwa makofi. Ya pili ina vyanzo vya bilioni 6, ikakisia hizohizo 6, ikakusanya 5.1. Hiyo ni asilimia 85, inaitwa kujieleza. Ya kwanza imeacha karibu nusu ya fedha mtaani, ya pili imehangaika kweli. Mwaka unaofuata mweka hazina wa ile ya pili amejifunza nini? Kukisia kidogo. Kipimo kimemfundisha mtu kuficha uwezo wake.

Kuna jambo lingine asilimia haiwezi kulisema. Novemba 2018 Serikali iliamua kununua korosho zote za wakulima kwa shilingi 3,300 kwa kilo baada ya wanunuzi binafsi kutofika bei. Nia ilikuwa kumlinda mkulima. Lakini halmashauri za Mtwara na Lindi zinaendeshwa kwa ushuru wa korosho, na msimu ule ushuru huo uliyumba vibaya. Mkusanyaji wa Tandahimba au Newala angefanya nini? Kwenye jedwali anaonekana mzembe sawa na yule aliyelala ofisini.

Sasa hati. Hati inayoridhisha, mitaani tunaiita hati safi, maana yake hesabu zimeandaliwa kwa viwango na zinaonyesha hali ya fedha ilivyo. Mkaguzi hajasema zahanati ina dawa. Hajasema mradi uliojengwa ndio uliohitajika. Halmashauri inaweza kujenga soko mahali ambapo hakuna mtu anayeuza wala kununua, ikaandika kila stakabadhi vizuri, na hati ikaja safi.

Ninachoomba tukubaliane ni kwamba uwezo na utendaji ni vitu viwili. Jiji lenye viwanda, mabenki na mahoteli linavuna ushuru wa huduma, yaani sehemu ndogo ya mauzo ghafi ya kampuni zilizomo. Halmashauri ya vijijini kama Buhigwe au Momba itautoza kwa nani? Ukizipanga mstari mmoja ukasema huyu wa kwanza, huyu wa mia na kitu, hujapima juhudi, umepima jiografia.

Naomba michango, hasa ya waliokaa kwenye baraza la madiwani au CMT, timu ya menejimenti ya halmashauri.

#2 Jembe la Palizi

Mkuu umegusa penyewe. Kijijini kwetu mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kila baada ya miezi mitatu, mapato na matumizi yasomwe mbele ya watu. Yanasomwa pale tu mgeni wa wilaya anapokuja. Halafu tunasikia redioni halmashauri yetu imefanya vizuri. Tunabaki kuulizana, imefanya vizuri wapi?

#3 Mhasibu Mstaafu

Mleta uzi, nakuunga mkono nusu, nusu nyingine niruhusu nikupinge.

Msiibeze hati. Sisi tuliofanya kazi miaka ya tisini na mwanzoni mwa 2000 tunajua halmashauri zilivyokuwa. Hati isiyoridhisha ilikuwa jambo la kawaida, vitabu vya stakabadhi vinapotea, usuluhishi wa benki, yaani kulinganisha vitabu na taarifa za benki, haufanyiki kwa miezi. Halmashauri kutoka pale hadi hapa ambapo nyingi zinapata hati inayoridhisha ni kazi kubwa ya watu waliokesha. Huwezi kupima huduma kama hujui fedha zilikwenda wapi, kwa hiyo hati ni msingi wa yote unayoyataka.

Tatizo ni kwamba watu wanasoma hati wanaacha ripoti. Ripoti kuu ya CAG ya mamlaka za serikali za mitaa ina mambo ambayo hati inayafunika. Ina fedha zilizokusanywa kwa mashine za POS, zile za kukusanyia ushuru, zisifike benki. Inaonyesha nani hakupeleka ile asilimia kumi ya mapato ya ndani kwa ajili ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ambayo sheria iliifanya lazima mwaka 2018, kwa mgawo wa nne, nne na mbili. Mikopo hiyo ilisimamishwa kwa muda Aprili 2023, na ukisoma ripoti za miaka iliyotangulia unaelewa kwa nini: vikundi hewa, marejesho yasiyorudi. Halmashauri nyingi zilizohusika zilikuwa na hati safi wakati huohuo.

Mimi kipimo ninachokiamini ni kimoja, tena kimo humohumo kwenye ripoti: hoja za ukaguzi zilizojirudia, yaani kasoro anazoziandika mkaguzi. Halmashauri inaandikiwa hoja mwaka huu, mwakani hoja ileile, mwaka wa tatu ileile. Hapo ndipo unajua kama kuna uwezo au hakuna. Kosa la mwaka mmoja linaweza kuwa bahati mbaya. Kosa la miaka mitatu ni udhaifu wa taasisi, au ni mtu ananufaika nalo.

#4 Diwani Vipindi Viwili

Nimekaa barazani vipindi viwili, nieleze jambo ambalo wachumi na wahasibu mnalipita haraka. Mamlaka.

Ibara ya 146 ya Katiba inasema madhumuni ya serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Zilifutwa 1972 ikaja madaraka mikoani, zikarudishwa kwa sheria za 1982. Mwaka 1998 ikatoka sera ya ugatuaji. Tuliamini tunakwenda mbele. Sasa fuateni mtiririko. Mwaka 2003 kodi ya maendeleo, ile wazee waliita kodi ya kichwa, ikafutwa pamoja na ushuru mwingine. Kwa mwananchi ilikuwa nafuu, sibishi. Mwaka 2016 kodi ya majengo ikapelekwa TRA, mamlaka ya mapato, na tangu Agosti 2021 inakatwa kupitia LUKU, mtu anaponunua umeme. Mwaka 2017 barabara za mjini na vijijini zikaenda kwa wakala wa barabara, TARURA, na ushuru wa mazao ukashushwa. Mwaka 2019 maji vijijini yakaenda kwa wakala wake, RUWASA. Mkurugenzi anateuliwa na Rais, walimu na wauguzi wanaajiriwa na kupangwa kutoka juu.

Sisemi TARURA na RUWASA hazifanyi kazi. Pengine wahandisi wakikaa pamoja kazi inakwenda vizuri kuliko kutawanyika. Ila daraja likikatika usiku, mwananchi hamfuati meneja wa TARURA, anamfuata diwani wake nyumbani. Na anapopima utendaji wa halmashauri kichwani mwake anahesabu barabara, maji na umeme, mambo matatu ambayo baraza halina mamlaka nayo. Kabla hamjatunga kipimo chochote semeni kwanza: halmashauri inawajibika kwa lipi? Mkishalitaja, mpeni fedha na watu wa hilo, halafu mpimeni bila huruma.

#5 Mchumi wa Kata

Diwani, hili nalichukua. Ningeongeza kwamba hata mapato yanayobaki kuitwa ya ndani yana maelekezo. Halmashauri inatakiwa kupeleka asilimia maalumu ya mapato yasiyolindwa, yaani yasiyofungwa kwa matumizi fulani, kwenye maendeleo, kutegemea ukubwa wa makusanyo. Ndogo ikishatoa hiyo na ile kumi ya mikopo, inayobaki ndiyo ya posho za vikao vya madiwani, mafuta ya gari na matengenezo. Halafu tunashangaa kwa nini afisa ugani hafiki kijijini.

Mhasibu, la hoja zilizojirudia nimelipenda mno. Ni kipimo cha bure, takwimu zipo tayari.

#6 Lishe Nyanda za Juu

Niwape mfano hai wa kipimo kilichojaribiwa. Mkataba wa lishe.

Wakuu wa mikoa walianza kusaini mwaka 2017, Mama Samia akiwa Makamu wa Rais, na mwaka 2022 akiwa Rais ukasainiwa upya. Ukashuka hadi wilaya, kata na kijiji. Kipimo kikubwa kilikuwa fedha: halmashauri itenge shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano, na itoe kweli, isiishie kwenye vitabu vya bajeti. Kila robo kadi ya alama inajazwa, kijani, njano, nyekundu. Nasema kwa moyo wote kwamba kipimo hiki kilitusaidia. Kabla ya hapo afisa lishe alikuwa mtu wa kukaa mlangoni kwa mkurugenzi akiomba nauli. Kadi ikianza kuwa nyekundu, fedha zinatoka.

Lakini angalieni upande wa pili. Utafiti wa afya wa 2022 ulionyesha udumavu kitaifa umeshuka hadi asilimia 30 kutoka 34 za 2015/16. Iringa ikawa karibu asilimia 57, Njombe takribani 50. Hii ni mikoa ya mahindi, viazi, maziwa na parachichi. Na Halmashauri ya Wilaya ya Njombe ni hiyohiyo iliyosifika nchi nzima kwa usafi wa mazingira na vyoo bora. Kwa hiyo halmashauri inaweza kuwa hodari katika lile tulilolipima, na lile ambalo hatukulipima kwa ukaribu likabaki vilevile. Mama anayelima kutwa shamba liko mbali, mtoto anabaki na uji mwepesi hadi jioni, kadi ya kijani haimfikii huyo. Kipimo cha fedha kilikuwa hatua ya kwanza. Hatua ya pili, kupima mtoto mwenyewe na kumrudishia mzazi na mwenyekiti wa kitongoji jibu waelewe, bado inalegalega maeneo mengi.

#7 Mwalimu wa Zamu

Naongezea la elimu kwa ufupi. Kupanga kwa ufaulu kuna madhara yaleyale aliyosema mleta uzi. Shule ikijua itapangwa kwa wastani, mtoto dhaifu anaonekana mzigo. Anashauriwa ahame, akariri darasa, awe mtahiniwa binafsi. Mwaka 2023 Baraza la Mitihani lilitangaza matokeo ya kidato cha nne bila orodha ya shule kumi bora, na mimi niliona ni uamuzi wa busara.

Hata kwa mtumishi mmojammoja ndivyo ilivyo. Katika kupima utendaji wa watumishi tulitoka mfumo wa OPRAS tukaingia PEPMIS. Mfumo ni mzuri kwa kuwa unamlazimisha mtu kuandika kazi zake. Lakini mwalimu mwenye watoto zaidi ya mia darasani na mwenye arobaini wanajaza kazi zilezile, na alama hazijui tofauti yao.

#8 Mpenda Takwimu

Napingana na wengi humu. Orodha za makusanyo zimesaidia nchi hii. Kabla ya mifumo ya kielektroniki na kabla ya kutangazana hadharani, halmashauri zilikuwa zinakusanya kwa mazoea, wakala wa ushuru anabaki na fungu kubwa na hakuna anayeuliza. Mkurugenzi akijua atasomwa jina, anaamka. Mkiondoa orodha mnarudisha usingizi.

Mleta uzi umekosoa vizuri. Sasa unapendekeza nini? Kukosoa kipimo ni rahisi.

#9 Mchumi wa Kata

Swali la haki, nalijibu kwa urefu.

Sipendekezi tuache kupanga wala kutangaza. Napendekeza turudi kwenye kitu tulichokuwa nacho tukakiacha kinyauke.

Kuanzia mwaka wa fedha 2004/05 nchi ilikuwa na mfumo wa ruzuku ya maendeleo ambao watu wa halmashauri waliuita kwa herufi zake, LGCDG. Fedha ziligawanywa kwa kanuni inayojulikana na wote: asilimia 70 kwa idadi ya watu, 20 kwa kiwango cha umaskini, 10 kwa ukubwa wa eneo. Lakini hukuzipata bure. Kila mwaka walikuja wapimaji kutoka nje ya halmashauri. Kwanza masharti ya lazima: hesabu zimefungwa na kuwasilishwa, mkaguzi wa ndani yupo na anafanya kazi, bodi ya zabuni ipo, baraza linakaa vikao vyake. Ukikosa sharti, ruzuku huipati. Ukivuka, unapewa alama za utendaji, na mwakani fungu lako linaongezeka kwa asilimia 20 au linapunguzwa kwa asilimia 20. Wazo lilitokea Uganda, lilikojaribiwa wilaya chache mwishoni mwa miaka ya tisini, Kotido ikiwemo, kabla ya kusambazwa nchi nzima.

Sehemu niliyoiona ya maana kuliko zote ni hii: aliyeanguka hakuachwa. Kulikuwa na fungu dogo pembeni la kujenga uwezo, na hilo ulilipata hata ukikosa masharti, ili ukafundishe watu wako na kununua vitendea kazi, mwakani ufuzu. Pale uwezo na utendaji vilitenganishwa. Uwezo mdogo ulipewa msaada, utendaji mbovu ulipewa adhabu. Leo vyote tunavichanganya, tunamwadhibu aliyekosa mhandisi sawasawa na mwenye mhandisi anayekula fedha.

Na ilimgusa diwani. Kikao kikiahirishwa hovyo kata yake inakosa darasa, kwa hiyo alimbana mkurugenzi mwenyewe bila kusubiri waziri.

Ulikuwa na udhaifu. Ulipima sana makaratasi. Muhtasari wa kikao ukiwepo, alama unapata, hata kama kikao kilikuwa cha kupiga mhuri. Halmashauri zikajifunza kupanga mafaili vizuri. Na baadaye ruzuku yenyewe ilipoanza kuchelewa na kupungua, upimaji ukakosa meno. Mpimaji anayekuja mkono mtupu hatetemeshi mtu.

Kwa hiyo ningefanya hivi. Makusanyo yapimwe dhidi ya uwezo wa vyanzo, na tathmini ya vyanzo ifanywe na mtu asiyekuwa mkurugenzi husika. Halmashauri zishindanishwe na zinazofanana nazo, majiji na majiji, za korosho na za korosho, na zaidi ya yote kila moja na nafsi yake ya mwaka jana. Kisha alama nyingi zitoke mahali huduma inapotolewa. Hili linawezekana, sekta ya afya ilishalifanya. Mwaka 2015/16 vituo vya afya vya msingi nchi nzima vilipimwa kwa nyota, na takribani theluthi moja vilipata nyota sifuri. Ilikuwa aibu, lakini kila kituo kiliondoka na mpango wa kuboresha, na viliporudiwa 2017/18 nyota sifuri zilikuwa zimepungua sana. Mwaka huohuo wa 2017/18 fedha za mfuko wa pamoja wa afya zikaanza kwenda moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo. Kipimo, mpango na fedha vilikutana mahali pamoja, pale kituoni.

#10 Mwana wa Kaunti

Salamu kutoka ng'ambo ya mpaka. Sisi Kenya tuna kaunti 47 tangu 2013, na vipimo vyetu vina meno ya sheria. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwenye maendeleo, na kanuni zinataka mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato. Mdhibiti wa Bajeti hutoa ripoti ya kila kaunti kila robo mwaka, yeyote anaisoma. Kuanzia 2016 kulikuwa pia na mpango wa KDSP, kaunti zikipimwa uwezo na utendaji kila mwaka, zinazofuzu zinaongezewa pesa, kama huo mfumo wenu wa zamani.

Hata hivyo kaunti nyingi hazifikishi hiyo 30 wala hazishuki hadi 35, mwaka baada ya mwaka, na wakandarasi wanadai hadi wanafilisika. Kwa hivyo sheria pekee haitoshi. Kilichonishawishi mimi ni Makueni enzi za Gavana Kivutha Kibwana. Wanakijiji walichagua kamati ya kusimamia mradi wao, na mkandarasi hakulipwa kabla ya kamati hiyo kukubali kazi. Mpimaji alikuwa ni yule mama anayechota maji kwenye kisima hicho. Hakuhitaji kadi ya alama.

#11 Jembe la Palizi

Mwana wa Kaunti, hilo la kamati kusaini kabla ya malipo lingetufaa sana. Kwetu kamati ya ujenzi huwa ipo, lakini ikiuliza bei ya mabati inaambiwa nyaraka ziko wilayani.

Mchumi, mimi ni mkulima tu. Nikitaka kuipima halmashauri yangu mwenyewe, bila kusubiri mfumo urudi, naanzia wapi?

#12 Mchumi wa Kata

Jembe, anzia kwenye viambatisho vya ripoti ya CAG ya serikali za mitaa, ipo bure kwenye tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi, na mara nyingi ipo kwa Kiswahili. Tafuta jina la halmashauri yako kwenye kila jedwali: makisio na makusanyo, asilimia kumi iliyopelekwa, mapendekezo yaliyotekelezwa na yasiyotekelezwa. Chukua ripoti tatu zinazofuatana ufanye kama alivyosema Mhasibu, piga mstari kwenye hoja zinazojirudia.

Kisha andika barua kwa mkurugenzi, nakala kwa diwani wako, ukitumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Anatakiwa kukujibu ndani ya siku 30. Omba vitu vichache vinavyoshikika: fedha zilizoletwa kijijini kwako mwaka uliopita kwa kila mradi na tarehe zilipoingia, gharama za vifaa vya ujenzi pamoja na jina la aliyeviuza, na idadi ya watumishi waliopo zahanati na shule yenu ikilinganishwa na ikama, yaani idadi inayotakiwa kuwepo. Hilo la ikama usiliache, ndilo litakalokuonyesha kama tatizo ni uwezo au ni utendaji.

Majibu yakija, yapeleke kwa mtendaji wa kijiji uombe yawe ajenda ya mkutano mkuu ujao. Rasimu ya barua nitaiweka hapahapa kesho, kila mtu abadilishe jina la kijiji tu.